Malizeni kwanza mlichokianza: barua ya wazi kwa wanaosimamia mawasiliano ya bila waya

Kwenu wajumbe wa kamati zinazoandika viwango vya kuunganisha vifaa bila waya, wakuu wa kampuni zinazotengeneza simu, kompyuta na vifaa vya masikioni, pamoja na wasimamizi wa masafa katika mamlaka za mawasiliano.

Salamu kwenu nyote.

Nawaandikia kwa sababu ya masikio ya baba yangu.

Miaka kadhaa iliyopita alipata vifaa viwili vidogo vya kumsaidia kusikia, vya aina inayounganishwa na simu. Siku mjukuu wake alipompigia kwa mara ya kwanza, sauti ya mtoto iliingia moja kwa moja masikioni bila kupitia spika ya simu, na mzee akanyamaza kitambo kabla ya kuitikia. Tangu siku hiyo akaanza tena kupiga simu mwenyewe, jambo ambalo alikuwa ameliacha. Kisha simu ikaanguka, ikafa. Tukamtafutia nyingine, mpya na bora kuliko ile, ila ya mtengenezaji mwingine. Vifaa vya masikioni vilikuwa vizima. Simu ilikuwa nzima. Vyote vilikuwa na alama ileile ya Bluetooth. Simu iliviona, ikaviandika kwenye orodha yake, na sauti haikupita. Jibu tulilopewa na waliotuuzia lilikuwa fupi: ama turudi kwenye aina ya simu ya mwanzo, ama tununue vifaa vipya vya masikioni.

Kabla ya hapo sikuwahi kujali viwango vya redio. Nilianza kusoma kwa sababu nilitaka kujua vipi vitu viwili vyenye alama moja vinaweza kukaa mkono kwa mkono visielewane. Na katika kusoma huko nikakuta mazungumzo yanayozidi kupamba moto: kwamba umefika wakati wa kiwango kipya kabisa cha kuunganisha vifaa vilivyo karibu. Muungano wa SparkLink, ulioanzishwa China mwaka 2020, umeleta teknolojia iitwayo NearLink, na mwaka 2023 Huawei iliitangaza pamoja na simu na vifaa vyake. Kwa maelezo ya kampuni hiyo, ikilinganishwa na Bluetooth inatumia nishati pungufu kwa asilimia 60, inabeba data mara 6 zaidi, na ucheleweshaji wake ni sehemu moja tu ya thelathini. Nao walio ndani ya Bluetooth wanaandaa njia ya kubeba hadi megabiti 8 kwa sekunde na kuingia kwenye masafa ya gigahezi 5 na 6.

Sina sababu ya kuwabishia wahandisi hesabu zao. Ninachouliza ni kama sisi tunaotumia vifaa hivi kila siku tunakihitaji hicho kipya. Nimefikia kuamini kwamba hatukihitaji sasa. Tunachokihitaji ni nyinyi kumaliza kazi mliyoianza, kwa sababu sehemu kubwa ya dawa ya matatizo yetu imeshaandikwa, imeshapitishwa, na mara nyingi imo ndani ya chipu ambazo tayari tunazo mfukoni. Haitufikii tu.

Chukueni lalamiko linalosikika zaidi: sauti kukatika. Mtu anaweka simu mfuko wa nyuma, anavaa spika za masikioni, anatembea, na kila anapogeuka muziki unakatika. Atasema Bluetooth ni mbovu. Lakini Bluetooth hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, nayo hunyonywa na maji, na sehemu kubwa ya mwili wa mwanadamu ni maji. Redio ya vifaa hivi ni dhaifu kwa makusudi, miliwati chache tu, ili betri ndogo idumu. Kiwango kipya kikitumia masafa yaleyale kitakutana na mwili uleule, na kikipanda masafa ya juu zaidi, mwili utakizuia zaidi. Tena uwanja wenyewe ni mwembamba, kuanzia megahezi 2400 hadi 2483.5, na humo humo wamo Wi-Fi, Zigbee, vipanya na kibodi za bila waya, hata oveni za maikrowevu. Bluetooth imejifunza kuishi kwenye msongamano huo: inarukaruka kati ya mikondo 79 mara 1600 kwa sekunde, na tangu toleo la 1.2 la mwaka 2003 inaikwepa mikondo inayoiona imejaa. Ukimwingiza humo mgeni anayeruka kwa ratiba yake mwenyewe, umeongeza kelele. Kwa lalamiko hili kiwango kipya hakina mengi ya kutupa, na ni haki watu waambiwe hivyo.

Lalamiko la pili linaniuma zaidi, kwa kuwa halitokani na maumbile. Mtu yuko kwenye kompyuta, anasikiliza muziki, sauti ni safi. Anaingia kwenye kikao cha video, na mara tu maikrofoni inapowashwa sauti yote inageuka nyembamba, kama inatoka ndani ya kopo. Anahangaika na mipangilio, anazima anawasha, mwishowe anachomeka waya au anatumia spika za kompyuta na kuwaomba radhi wenzake. Nimewaona walimu wakifanya hivyo, nimewaona wauguzi wanaotoa ushauri kwa video wakifanya hivyo. Karibu wote huamini wamenunua kitu kibovu.

Hawakununua kibovu. Bluetooth ya kawaida ina njia mbili za sauti zisizochangamana. Moja hubeba muziki kwa ubora, lakini kuelekea upande mmoja tu. Nyingine hubeba sauti ya kwenda na kurudi, na ilibuniwa kwa mazungumzo ya simu: sauti hupimwa kwa sampuli 8,000 kwa sekunde, baadaye 16,000, na zikiwa chache sauti huwa nyembamba. Maikrofoni ikiwashwa, kifaa hulazimika kuiacha njia ya kwanza na kushuka kwenye ya pili. Kila mtu aliyemo kwenye kamati zenu anajua jambo hili. Na dawa yake ipo! Januari 2020 mlitangaza LE Audio, njia mpya ya sauti ya Bluetooth, yenye kodeki (namna ya kubana sauti) ya LC3 inayoweza kufika sampuli 48,000 kwa sekunde, kwenda na kurudi kwa wakati mmoja. Mwaka 2022 vipimo vyake vilikamilika. Miaka imepita, na bado spika za masikioni zinauzwa bila LE Audio. Kwenye baadhi ya simu imefichwa ndani ya menyu ya wataalamu, mahali ambapo mtu wa kawaida anaonywa asiguse. Kwenye baadhi ya kompyuta chipu inaiweza lakini mfumo endeshi hauiiti.

Mnunuzi akisoma kwenye boksi “Bluetooth 5.3” anadhani amepata kila kilichoahidiwa hadi toleo hilo. Hajui kwamba kwa kanuni zenu wenyewe sehemu kubwa ya vipengele ni vya hiari, na kwamba mtengenezaji anaweza kuandika nambari kubwa bila kuweka hata kimoja kati ya vile vilivyomvuta mnunuzi. Nisameheni nikikaza sauti hapa, lakini jambo hili si sawa. Nambari iliyochapishwa kwenye boksi ni neno mnalompa mtu anayetoa fedha yake.

La tatu ni kutuma mafaili. Bluetooth ya kawaida, kwa uwezo wake halisi, hubeba kama megabiti 2 kwa sekunde. Video ya megabaiti 100 ni megabiti 800; gawanyeni, ni zaidi ya dakika 6 za kusimama mmeshika simu mbili. Hapa ndipo watetezi wa kiwango kipya husema: mnaona, tunahitaji kasi. Lakini simu zote mbili zina Wi-Fi. Njia ya busara, Bluetooth itafute jirani na Wi-Fi ibebe mzigo, imekuwapo kwa miaka mingi. Apple ilileta AirDrop mwaka 2011, nayo baadaye ikafuata mtindo huo. Upande wa Android ikaja Nearby Share mwaka 2020, ambayo mwaka 2024 iliunganishwa na Quick Share ya Samsung. Kila upande ulijenga daraja lake na kuishia katikati ya mto. Kisha Novemba 2025 Google ikatangaza kwamba Quick Share kwenye simu za Pixel 10 inaweza kubadilishana mafaili na AirDrop. Hakuna redio ya aina mpya iliyobuniwa kwa ajili hiyo. Miaka 14 tulitumiana picha za harusi na za misiba kupitia programu za ujumbe zinazozibana hadi zikose sura, huku redio zote zinazohitajika zikiwa mikononi mwetu. Kilichokosekana ni makubaliano.

Nimesoma pia habari za viwango vilivyokufa, na ningependa kila anayependekeza kipya azisome upya. Kinachonigusa zaidi ni Wireless USB. Vipimo vyake vilitoka mwaka 2005: megabiti 480 kwa sekunde ndani ya mita 3, kasi iliyotajwa kwa waya wa USB wa wakati huo. Kilijengwa juu ya UWB, redio ya mkanda mpana ambayo wasimamizi wa Marekani waliifungulia mlango mwaka 2002 kati ya gigahezi 3.1 na 10.6. Mwaka 2006 kundi la Bluetooth nalo likaichagua teknolojia hiyo iwe injini yake ya kasi. Kwenye karatasi hapakuwa na mpinzani. Lakini lilipotoka toleo la 3.0 mwaka 2009, kasi ya hadi megabiti 24 ilitegemea redio ya Wi-Fi badala ya UWB, na hata hiyo baadaye ikaondolewa kwenye viwango kwa kukosa watumiaji. Walionunua vifaa vya Wireless USB walibaki na vipande vya plastiki visivyo na wa kuzungumza naye.

UWB yenyewe haikufa. Ilirudi mwaka 2019 ndani ya simu, safari hii kwa kazi tofauti: kupima umbali kwa kuhesabu muda wa mawimbi kusafiri, kwa usahihi wa sentimita kama kumi. Kazi hiyo hapakuwa na redio nyingine mfukoni iliyoiweza vizuri hivyo. Angalieni pia NFC. Ni ya polepole, haizidi kilobiti 424 kwa sekunde, na inahitaji vifaa vikaribiane sentimita chache tu. Kwa vipimo vya matangazo ni dhaifu kuliko zote. Lakini ufupi wake ndio kazi yake: mtu anapolipa kwa kugusisha simu, hataki aliye mita tano asikie. Kwa hiyo ikaishi. Mimi nasoma hapa kwamba kiwango huishi kwa kupata kazi isiyo na mwenyewe, na kwamba kuifanya kazi ya mwenzake kwa kasi zaidi hakukitoshi.

NearLink na wenzake wanajitangaza hasa kwa vitu vitatu: kasi, ucheleweshaji mdogo, na nishati. Ndani ya kiwanda chenye mamia ya vihisi, au ndani ya gari ambalo mtengenezaji mmoja anamiliki ncha zote mbili za mawasiliano, naelewa faida yake na nawatakia heri wanaoijenga. Kwa mtu wa kawaida hesabu ni nyingine kabisa, kwa sababu yeye hamiliki ncha zote mbili. Simu anabadilisha baada ya miaka michache. Gari lake hukaa barabarani kumi au kumi na tano, na redio iliyomo ndani ndiyo ileile iliyotoka nayo kiwandani. Spika ya sebuleni hudumu hadi ianguke. Vifaa vya kusikia hubadilishwa pale tu mtu anapokuwa na uwezo. Kipimo cha sukari kinachobandikwa mkononi kinazungumza na simu kwa Bluetooth LE, ile ya kutumia nishati kidogo. Kiwango kipya kwenye simu, hata kiwe kizuri namna gani, kinafika kwenye nyumba ambamo hakuna anayekielewa. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na nyumba nzima ya mtu huyu imetandikwa mbachao.

Mtaniambia simu itabeba vyote viwili, cha zamani na kipya. Ndivyo ilivyokuwa kila mara mwanzoni. Halafu baada ya muda vipengele vizuri huanza kufanya kazi kwa kipya tu, tena kwa vifaa vya kampuni ileile tu, na cha zamani huachwa kikilegea bila sasisho. Mzigo unamwangukia aliye na kidogo. Na vitu vyenyewe vinaenda wapi? Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 inasema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na kwamba asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Spika ndogo za masikioni, zilizogandishwa kwa gundi hata betri haitoki, ni kati ya vitu vigumu kabisa kuvirejeleza. Kila kiwango kipya kinachofanya kitu kizima kionekane kimepitwa kinaongeza lundo hilo.

Kuna na suala la usalama, ambalo nalitaja kwa ufupi. Mwaka 2019 watafiti walionyesha shambulio la KNOB, ambapo mtu aliyejipenyeza katikati ya mawasiliano angeweza kuvifanya vifaa viwili vya Bluetooth vikubaliane ufunguo wa siri dhaifu kupindukia, wenye nguvu ya baiti 1 tu. Kanuni ilirekebishwa, urefu wa chini wa ufunguo ukapandishwa. Kosa hilo lilikaa ndani ya kiwango kinachochunguzwa na dunia nzima kwa karibu miaka 20 kabla ya kutangazwa. Kiwango kipya nacho kitakuwa na makosa yake, nasi ndio tutakaoishi nayo hadi yagunduliwe.

Sasa niwarudishe kwa baba yangu, maana hapo ndipo palipo na sehemu ngumu ya hoja yangu, na sitaki kuikwepa.

Bluetooth LE ilitoka na toleo la 4.0 mwaka 2010. Ilitufaa sana: saa, vihisi, vipimo vya afya vinavyodumu miezi kwa betri ndogo kama kifungo. Lakini haikuwa na njia ya kupitisha sauti. Na njia ya sauti ya Bluetooth ya kawaida ilikuwa nzito mno kwa kifaa cha kusikia, ambacho betri yake ni punje. Hapo basi palikuwa na haja ya kweli ya kitu kipya. Watu wenye shida ya kusikia walihitaji, na kamati ikachelewa. Katika pengo hilo watengenezaji wa mifumo mikubwa ya simu wakabuni kila mmoja njia yake juu ya LE, na watengenezaji wa vifaa vya usikivu wakachagua upande au wakajitahidi kubeba zote mbili. Vifaa vya baba vilikuwa vya upande mmoja. Simu mpya ilikuwa ya upande wa pili. Ndiyo siri yote niliyokuwa naitafuta.

Kwa hiyo sisemi kwamba kipya hakihitajiki kamwe. Nasema haja ya kweli ilipokuwapo, kilichotuumiza zaidi ni ule muda ambao kila mwenye nguvu alijitengenezea chake. Na dawa ilipopatikana haikuja kama kiwango kigeni. Ilikuja kama LE Audio, ndani ya nyumba ileile, pamoja na Auracast, inayoruhusu ukumbi, kituo cha treni au chumba cha ibada kutangaza sauti moja na kila mwenye kifaa kinachofaa akaisikia masikioni mwake. Nikifikiria baba ameketi ukumbini akisikia kila neno bila kumuuliza aliye pembeni, nawashukuru walioibuni. Halafu nahesabu kumbi nilizoingia zenye mtambo huo. Sijaingia hata moja.

Historia ya LE yenyewe ina mfano mzuri kuliko yote niliyosoma. Haikuzaliwa Bluetooth. Nokia iliileta mwaka 2006 kwa jina la Wibree, kama teknolojia yake, ikiwa na uwezo wa kusimama kuwa mpinzani. Ingeweza kutufanya tuwe na alama mbili kwenye kila boksi hadi leo. Badala yake ikakaribishwa ndani, ikafanyiwa kazi na wote, ikawa sehemu ya toleo la 4.0. Mgeni njoo mwenyeji apone. Kama NearLink ina mawazo mazuri ya kupunguza ucheleweshaji, na nadhani inayo, mlango uliotumiwa na Wibree bado upo. Najua siasa za biashara kati ya mataifa zimeufanya kuwa mzito kusukuma. Lakini mwaka 1998 Ericsson, IBM, Intel, Nokia na Toshiba, kampuni zilizokuwa zikiuziana na kunyang'anyana wateja, zilikaa meza moja. Redio za umbali mfupi zilikuwapo kabla yao. Walichokileta kipya ni kukubaliana.

Ombi langu kwa kamati, basi, ni kwamba mwache kuuza nambari za matoleo. Andikeni orodha ya lazima kwa kila aina ya kifaa: kinachoitwa spika za masikioni lazima kiweze haya, kinachoitwa simu lazima kiweze haya, kifaa cha kusikia haya. Kisichotimiza kisipewe alama. Na alama iseme kwa maneno ya kawaida kifaa kinafanya nini, si toleo gani la hati kilisoma.

Kwa watengenezaji: washeni kile ambacho chipu zenu tayari zinakiweza. Kama LE Audio imo, itoeni kwenye menyu iliyofichwa. Tangazeni kabla ya mauzo ni miaka mingapi kifaa kitapata masasisho ya redio yake, si ya mfumo endeshi peke yake. Na mnapobuni urahisi wa kuunganisha, ule wa kufungua kikasha na simu ikakitambua papo hapo, msiufungie kwa vifaa vyenu tu. Najua mtasema ndiyo biashara. Mteja anayebaki kwenu kwa kuwa akiondoka masikio ya baba yake yatanyamaza, hajawachagua.

Kwa wasimamizi wa masafa na wa soko, kwenu nina matumaini kuliko kwa wengine, kwa sababu mmeonyesha kwamba inawezekana. Umoja wa Ulaya haukubuni soketi mpya ya chaji. Uliichukua USB-C iliyokuwapo tangu mwaka 2014, mwaka 2022 ukapitisha sheria, na kuanzia tarehe 28 Desemba 2024 simu, vishikwambi, kamera na spika za masikioni zinazochajiwa kwa waya na kuingia kwenye soko lake zikatakiwa kuwa nayo. Leo watu wanaazimana chaja bila kuulizana aina ya simu. Sheria ya namna hiyo inaweza kuandikwa kwa sauti. Kifaa cha matibabu kama cha kusaidia kusikia kinapounganishwa na simu, kitumie njia iliyo wazi kwa wote, na simu zote zilazimike kuielewa. Anzeni na hicho kimoja, vingine vitafuata. Na kampuni itakapowaletea ombi la nafasi kwa ajili ya kiwango kipya cha watumiaji wa nyumbani, iulizeni kwanza ni kazi gani kitaifanya ambayo zilizopo haziwezi hata zikikamilishwa. Iulizeni pia kama hati zake ziko wazi kwa yeyote kuzitengenezea kifaa, na vya zamani vitazungumza nacho vipi. Wakijibu vizuri, wapeni. Nami nitakuwa wa kwanza kukikaribisha.

Tulimrudishia baba simu ya aina ya mwanzo. Alikwisha kuizoea ile mpya, maandishi yake yalikuwa makubwa na aliipenda, lakini alisema afadhali asisome vizuri kuliko asiwasikie wajukuu. Betri za vifaa vyake vya masikioni zimeanza kuchoka. Kabla mwaka haujaisha itabidi tumtafutie vingine, na mimi ndiye nitakayesimama mbele ya muuzaji na kuyasoma maandishi ya boksi. Naomba mmoja wenu, yeyote, anijibu hadharani ili na wengine wasome: ni neno gani nilitafute kwenye boksi hilo, ambalo nikiliona nitakuwa na hakika kwamba vifaa hivyo vitazungumza na simu yoyote atakayoshika baada ya hii?

Nasubiri jibu lenu.

Mtumiaji mmoja